Flashi ikichomolewa ghafla: mbona Windows inavumilia, Linux inaniharibia faili?

mdadisi_tu
Wakuu, habari za kazi. Kwenye Windows nilizoea kuchomoa flashi bila kuaga na faili nazikuta salama. Nimehamia Linux: nanakili video ya GB 2, mstari unafika asilimia 100 kufumba na kufumbua, nachomoa. Nikiichomeka kwingine, jina la faili lipo, lakini video haichezi. Flashi imekufa?

fundi_diski
Mkuu, flashi nzima hiyo. Mstari ule unahesabu data iliyoingia kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), si iliyofika kwenye flashi. Linux inapokea, inakwambia tayari, halafu inaandika taratibu nyuma ya pazia. Kwa mipangilio ya kawaida data inaweza kukaa sekunde 30 hivi kabla haijaanza kuteremshwa, na flashi ikiwa nzito foleni inakula dakika kadhaa. Anayebisha huwa namwambia afungue terminal (dirisha la kuandikia amri) wakati ananakili, aandike hii kila baada ya muda:

`grep -e Dirty -e Writeback /proc/meminfo`

Dirty ni data inayosubiri kuandikwa, Writeback ni inayoandikwa sasa hivi. Namba zitashuka kadiri data inavyoandikwa. Hutaki kuchungulia? Andika `sync`, amri ya kulazimisha foleni yote iandikwe, usiguse kitu mpaka amri imalize.

Windows 10 tangu toleo 1809 (2018) huziweka diski za nje kwenye hali ya kuondolewa haraka, haikusanyi data kwenye akiba hivyo. Ila ukichomoa katikati ya kunakili, nako utalia tu.

kibodi_bovu
Na eksteno (diski ya nje) yenye NTFS, ule mfumo wa faili wa Windows? Ilichomoka waya, sasa Linux inagoma kuifungua.

fundi_diski
Imeona alama kwamba haikufungwa vizuri. Usiilazimishe. Ichomeke kwenye Windows, piga `chkdsk E: /f` (weka herufi ya diski yako), kisha itoe kistaarabu. NTFS huweka rekodi ya mabadiliko, ndiyo maana mpangilio wa mafolda mara nyingi hupona. Yaliyomo ndani ya faili haiyadhamini. FAT32 na exFAT, mifumo ya faili inayotumika sana kwenye flashi, hata rekodi hiyo hazina.

mdadisi_tu
Aisee, nimejaribu. Mstari umesema umemaliza, Dirty bado inasoma zaidi ya GB 1! Nisubiri hadi sifuri?

fundi_diski
Sifuri huenda usiione, mfumo nao una vyake vya kuandika. Bofya alama ya kutoa diski sasa hivi, yenyewe itamalizia foleni. Ikikuruhusu, chomoa.