Makato ya benki yanammaliza mama yangu, nyie wa nchi nyingine mnakatwaje?

binti_wa_musoma
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina donge hapa kifuani na nimeona nilitoe humu maana kuna watu wa kila nchi na wengine mmefanya kazi benki.

Mama yangu yuko Musoma, mwalimu mstaafu. Kaka yangu yuko Hamburg, ndiye aliyemwambia afungue akaunti ili hela ya matumizi iwe inaingia huko badala ya kupitia kwa watu. Jumamosi nimeenda kumsalimia akanitolea stetimenti ya miezi 6 akaniambia mwanangu nisomee hii, mimi naona namba tu. Nimekaa na kalamu mpaka usiku. Ada ya mwezi 2,360 mara sita. Kutoa ATM 1,416 mara tisa. Meseji 590 kila mwezi. Siku moja ATM ilikuwa mbovu akatolea kaunta, 3,540. Halafu kilichoniuma kuliko vyote ni 354 mara sita, kumbe kila mama anapoenda kuchungulia salio kuona kama hela ya kaka imeingia anakatwa, anachungulia hamna kitu na bado anakatwa! Jumla 36,108. Hizo ni dawa zake za presha na chenji inabaki. Na hiyo stetimenti yenyewe kuchapishiwa wamemkata, sijaiweka kwenye hesabu.

La pili, mwezi uliopita kaka katuma euro 300, mbali na ada aliyolipa kulekule. Mama akapokea shilingi ambazo nikizirudisha kwenye euro ni kama 262. Benki ya Ujerumani inasema sisi tulichukua chetu na tulikwambia, benki ya huku inasema sisi tumekata ya kupokelea tu. Sasa kuna hela imepotelea katikati na hakuna anayesema anayo. Naomba mwenye kujua anieleweshe, na wa nchi nyingine mniambie, na kwenu ni hivihivi?

keshia_wa_zamani (Dar)
Pole sana dada, mpe mama shikamoo yangu. Nimekaa kaunta miaka 11 kwahiyo hili nalijua kwa mikono yangu.

Hayo makato ya ndani, gawa kila moja kwa 1.18 utaona. 2,360 ni 2,000 ya benki na 360 ya VAT. 1,416 ni 1,200 na 216. Yaani kwenye kila ada serikali ina asilimia 18 yake, bado kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwenye ada za huduma za fedha. Sio kwamba naitetea benki, nataka tu ujue mnakatwa na wangapi.

Hiyo ya euro sasa. Benki ya kaka na benki ya mama hazina akaunti kwa mwenzake, kwahiyo hela inapitia benki ya kati, wakati mwingine mbili, na kila moja inachomoa chake humohumo kwenye hela ikiwa njiani. Wakati wa kutuma kuna sehemu ya kuchagua nani alipe: OUR maana yake mtumaji analipa yote, SHA mnagawana, BEN anakatwa mpokeaji. Wengi hawaulizwi, inaenda SHA yenyewe, na hapo ndipo benki ya kati inapata mwanya. Mwambie kaka aombe benki yake impe MT103, ni karatasi ya muamala wenyewe, wamebadilisha mfumo siku hizi lakini ukitaja hilo jina wanaelewa. Angalieni sehemu ya 71A inaonyesha ni OUR au SHA, halafu 71F, hasa kwenye nakala iliyofika benki ya mama, ndio inaonyesha waliokata njiani na kiasi. Hapo hakuna wa kuruka.

Kinachobaki ni rate. Benki inanunua euro kwa bei yake, chukua rate ya BoT, yaani Benki Kuu ya Tanzania, ya siku ileile ulinganishe. Watu wanapigania ada ya kupokelea huku kipande kikubwa kimeliwa kwenye rate na hakiandikwi popote kwenye stetimenti.

msema_wazi_dodoma
Mimi nitasema tofauti. Benki ni biashara. Ile ATM ina umeme, ina mlinzi, ina gari la kuleta hela, kuna watu wanalipwa mishahara. Huwezi kutaka usalama wa hela yako halafu usilipie. Asiyetaka makato kuna SACCOS, kuna simu.

binti_wa_musoma
Kaka sijaomba bure, soma tena. Nimesema mama hakuambiwa. Siku anafungua akaunti alipewa fomu kurasa nane za Kiingereza na kalamu ya kusainia. Angeambiwa kuchungulia salio ni 354 angenipigia mimi nimuulizie kaka kama katuma. Mwalimu wa miaka 34 anajua hesabu, kitu asichoambiwa ndio hawezi kukihesabu.

wakala_kona_mwanza
Huyo anayesema kuna simu ngoja nimjibu maana mimi nina kibanda. 15 Julai 2021 tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza, kwa muamala mkubwa tozo peke yake ilikuwa inafika 10,000, hapo sijataja makato ya kampuni. Nilikuwa napata wateja mpaka saa tatu usiku, wiki ile nilikuwa nafunga saa kumi na mbili. Watu walirudi kumpa kondakta wa basi bahasha. Septemba wakapunguza asilimia 30, mwaka uliofuata wakapunguza tena ila wakaiingiza na benki, kelele zikawa nyingi wakaanza kuifuta vipandevipande, bajeti ya 2023 ndio wakaondoa ya kutuma. Ya kutoa ikabaki. Kwahiyo mpaka leo mtu akimtumia mama yake lazima aulizwe "umetuma na ya kutolea?" Hakuna pa kukimbilia, unachagua tu ukatwe wapi.

Dada, kwa mama ushauri wangu atoe mara moja kwa mwezi. Ila najua nayo ni shida, mtu mzima kukaa na hela yote ndani ya nyumba sio salama, na huko mtaani wakijua tarehe ya hela ya mtoto wa Ulaya ndio balaa.

wa_ruiru
Hapa Kenya ni hivyohivyo tu, nafuu ni ndogo ndogo. Ushuru kwenye ada za benki za kutuma pesa ulipandishwa 2018 kutoka asilimia 10 hadi 20. 2023 wakasema wanasawazisha, benki ikashuka hadi 15 lakini ya simu ikapanda kutoka 12 hadi 15, na wengi wetu tuko kwa simu. 2024 wakataka zote ziende 20, vijana wakaingia barabarani na ule mswada ukaondolewa, watu walikufa jamani, hilo mimi siwezi kulizungumzia kirahisi.

Lakini kitu kilichonifunza ni corona. Machi 2020 Benki Kuu ilisema kutuma kwa simu elfu moja kushuka chini ni bure, na kutoa pesa benki kupeleka kwa simu pia bure. Ikakaa karibu miaka mitatu hiyo ya benki, hakuna benki ilianguka kwa sababu yake. Januari 2023 wakarudisha. Chama chetu cha akina mama kumi na wanne tuna akaunti, kila mwezi tunalipa wanachama kwa simu, sasa hizo transfa kumi na nne kila moja na chaji yake. Mweka hazina wetu ana daftari, mwaka jana chaji peke yake ilikuwa karibu mchango wa mwanachama mmoja wa mwaka mzima. Yaani ni kama tuko na mwanachama wa kumi na tano anapokea tu na hachangi. Nikienda kuuliza benki naambiwa iko kwa tarifa guide. Hiyo tarifa imebandikwa ukutani nyuma ya mlango!

mzee_wa_minneapolis
Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, sasa niko Marekani mwaka wa 13. Watu huko nyumbani wanafikiri huku benki ni raha, wacha niwaambie yaliyonikuta.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na dola 610 kwenye akaunti. Nikaandika cheki ya kodi 600, na kabla haijapita nikanunua vitu vidogo vinne, dola 25, 20, 12 na 9. Mimi nilijua nikizidisha nitazidisha mara moja tu, kwenye ile cheki. Benki ikachukua cheki kwanza ingawa ilikuja mwisho, ikabaki 10, halafu vile vinne vyote vikaonekana vimezidi. Kila kimoja faini dola 35. Dola 140 siku moja, kwa mtu aliyekuwa anaosha vyombo usiku. Wangefuata mpangilio nilionunulia ingekuwa faini moja. Nilidhani nimekosea mimi, nikakaa kimya na aibu yangu, miaka baadaye ndio nikasikia benki nyingi zilipelekwa mahakamani kwa mchezo huohuo wa kutanguliza kubwa ili ndogo zizidi.

Disemba 2024 ile ofisi ya kulinda wateja wa fedha ilitoa kanuni benki kubwa zishushe hiyo faini mpaka dola 5. Bunge likaifuta na Trump akasaini Mei 2025, haikuwahi hata kuanza. Mimi nilihamia kwenye credit union, ni kama SACCOS ya huko nyumbani, wanachama ndio wenye mali, na sijakatwa ada ya mwezi tangu hapo.

Kwa mnaotumiwa kutoka Marekani: tangu 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 ukituma nje kwa kulipa keshi dirishani. Ukilipa kutoka kwenye akaunti au kadi ya benki ya huku haikuhusu. Waambieni watu wenu, wengi bado wanapanga foleni na noti mkononi. Na wakikosea jina la mpokeaji wana dakika 30 baada ya kulipa za kufuta muamala na kurudishiwa hela yote na ada yake, kama upande wa pili haujaichukua. Hiyo ni haki yao kisheria.

mtanga_muscat
Assalaam aleikum. Huku kwetu Oman uzuri ni kwamba riyal imefungwa kwa dola, riyal moja ni dola 2.60 miaka mingi sasa, kwahiyo ukitaka kujua umeliwa kiasi gani ni rahisi. Nilituma riyal 100, kijana wa dirishani akaniambia dada leo kutuma ni bure kabisa. Nikafurahi. Riyal 100 ni dola 260, na siku hiyo dola nyumbani ilikuwa shilingi 2,500, ilitakiwa ifike 650,000. Mdogo wangu kapokea 631,000. Hiyo elfu kumi na tisa ndio "bure" yenyewe. Sasa hivi siulizi tena ada kiasi gani, nauliza swali moja tu, nikikupa riyal 100 mama anapokea shilingi ngapi mkononi? Nazunguka maduka matatu na swali hilohilo. Yule wa bure kabisa mara nyingi ndiye wa mwisho.

hamburg_kusini
Nipo mji mmoja na kaka yako, pengine tunapishana kwenye treni. Huku akaunti nazo zina ada ya mwezi, tofauti ni kwamba ukipambana unasikilizwa. 27 Aprili 2021 mahakama kuu ya Ujerumani, Bundesgerichtshof, iliamua kwamba benki haiwezi kupandisha ada kwa kukutumia barua halafu ukinyamaza ihesabu umekubali. Kunyamaza sio kusaini. Watu waliandika barua wakarudishiwa hela zao, mimi nilirudishiwa euro 54. Na nikituma euro kwenda Ufaransa au Hispania benki hairuhusiwi kunitoza zaidi ya nikimtumia jirani yangu hapahapa. Yaani inawezekana, wakilazimishwa wanaweza. Ila hela ikielekea Musoma hiyo sheria haivuki bahari. Mwambie kaka ajaribu programu za kutuma moja kwa moja kwenye simu ya mama, alinganishe kiasi kinachofika.

binti_wa_musoma
Wakuu narudi baada ya wiki mbili, nawashukuru wote, Mungu awabariki.

MT103 imepatikana. 71A imeandikwa SHA, kaka hakuulizwa kama alivyosema keshia. 71F kuna euro 20, benki ya kati ya Frankfurt, ambayo hatujawahi hata kuisikia. Euro kama 8 ni benki ya mama kupokelea, na kama 10 iliyobaki nimeikuta kwenye rate, nimelinganisha na ya BoT ya siku ile. Zote 38 zimeonekana.

Tawini nilienda na mama mwenyewe. Dada wa huduma kwa wateja akasema kuna akaunti ya wazee haina ada ya mwezi, ipo muda wote. Nikamuuliza mbona hakuambiwa, akasema mteja ndiye anatakiwa aombe. Mama akamjibu kwa upole kabisa, "mwanangu, nitaombaje kitu nisichojua kama kipo?" Akanyamaza, akaleta fomu. Meseji za 590 ameziacha maana ndizo zitamwambia hela imeingia bila kwenda kuchungulia ATM. Za nyuma, 36,108, wamesema hazirudi, nimeandika barua kwa meneja na nakala ninayo, nasubiri siku 14 nipande juu.

Mwezi huu kaka anatuma kupitia simu, kajaribu na euro 50 kwanza, mama kapokea sawa na 48 na senti kidogo. Keshia swali moja, hiyo barua ikikataliwa naanzia wapi BoT, tawi la Mwanza wanapokea au mpaka Dar?