Naomba ushauri: springi na shokapu za nyuma za MGB GT ya 1972

Mkazi wa Chumbageni
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninamiliki MGB GT ya mwaka 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza lenye paa la kudumu, niliyoachiwa na marehemu baba mkubwa, na ninaitumia hapa Tanga mjini na kwa safari za Muheza na Segera. Nyuma imenishinda. Nikivuka tuta, hata kwa mwendo wa pole, mkia hugonga mara mbili. Nikiwa kwenye kona na kuachia mafuta ghafla, mkia husogea pembeni kana kwamba kuna mtu mwingine ameshika usukani. Shokapu ya kulia inavuja. Fundi mmoja wa Ngamiani amenishauri niongeze pleti (bapa la chuma la springi) ya pikapu kila upande, ilhali rafiki aliyeko Uingereza yuko tayari kunitumia seti ya kuondoa shokapu za mkono (za kizamani, zenye mkono wa chuma unaopanda na kushuka) na kufunga za bomba (za kisasa, ndefu kama bomba), ambayo gharama yake si ndogo ukijumlisha usafirishaji na ushuru. Nifuate njia ipi?

Springi Kongwe
Ndugu yangu, pleti usiongeze. Pikapu huongezewa kwa sababu hubeba mzigo. Lako halibebi, na springi ikizidi ugumu huhitaji shokapu yenye nguvu zaidi ya kuituliza, wakati yako tayari inavuja.

Kuhusu seti, tangu 1962 hadi uzalishaji ulipokoma 1980, MGB ilibaki na ekseli nzima ya nyuma iliyofungwa kwenye springi za pleti, na springi hizo hazibebi uzito tu, bali ndizo zinazoizuia ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Shokapu ya nyuma hutuliza mdundo basi, tofauti na ya mbele, ambayo mkono wake ndio amu ya juu inayoshikilia gurudumu. Kwa hiyo mkia unaosogea hautaponywa na shokapu ya aina yoyote. Kagua bushi ya jicho la mbele la springi (tundu la mwisho wake linalopitisha boliti), bushi za shakeli (kiungo kinachobembea nyuma ya springi), na raba zinazokaa kati ya springi na ekseli. Kwa hewa yetu ya chumvi, kagua pia kutu kwenye yuboliti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) na nati zake. Ingiza ncha ya mtaimbo kando ya jicho la springi na kulisukuma taratibu. Likicheza, umempata mgonjwa.

Binti Gereji
Naunga mkono, ila shokapu nayo ipimwe kabla ya kuhukumiwa. Fungua kiungo cha chini, kisha upandishe na kushusha mkono wake: uzito uwe sawasawa mwendo wote, bila mahali panapoteleza. Shokapu ikipungukiwa mafuta, ya shokapu za pikipiki yanafaa, lakini safisha kwanza kuzunguka kizibo, maana mchanga ukiingia huharibu vali. Kama sili ya shafti imekwisha, kuongeza mafuta ni kununua wiki chache.

Mzee wa Raskazone
Mimi si adui wa shokapu za bomba. Zikifungwa vizuri hupoa haraka na hupatikana kirahisi. Hatari ni urefu. MGB ina mikanda inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi, na shokapu ikiwa fupi mno, yenyewe ndiyo itakayobeba kazi ya mkanda hadi ing'oke. Bushi za poliyurithani (plastiki ngumu badala ya raba) nazo wengi huzisifu kupita haki yake: hudumu, lakini bila grisi hulia, na ugumu wake utausikia mgongoni.

Mkazi wa Chumbageni
Ahsanteni sana. Nimelipandisha kwenye stendi. Bushi ya jicho la kulia inacheza waziwazi, na raba ya juu ya springi upande huo imelainishwa na mafuta yanayovuja hadi imebaki nyembamba. Springi zenyewe zimelala. Dada Binti Gereji, mkono wa kulia una sehemu isiyo na uzito kabisa. Nitaagiza springi, bushi, raba na shokapu za mkono zilizokarabatiwa. Je, springi zozote za MGB zitafaa?

Springi Kongwe
Hapana. Taja kuwa ni GT yenye bampa za kromu, kwa kuwa za gari la wazi ni laini zaidi, na magari ya bampa za raba, kuanzia mwishoni mwa 1974, yaliinuliwa. Badilisha pande zote mbili pamoja. Boliti za macho zikaze mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa linaning'inia, raba mpya itasokotwa siku utakapolishusha na kupasuka mapema.