Tupeane uzoefu: kitabu kilichokunasa ulikipata wapi?

Mama Wawili
Jumamosi nilikuwa napanga vitu chini ya kitanda nikavuta sanduku la kitambo, nikakuta kitabu changu cha darasa la sita, kava hakuna, ndani nimeandika jina langu mara tatu na biro ya kijani kama mtu aliyeibiwa sana. Nikakaa hapo hapo sakafuni nikasoma mpaka maharagwe yakaungua. Sasa niko na kijana wa miaka tisa, akiona kitabu tu anakumbuka anataka kwenda choo. Niko na msichana wa fomu tatu, huyo ni setibuku pekee na hata hiyo anasoma mwongozo. Halafu mamangu amekuja kukaa na sisi, ana miaka 68, anataka kitu cha kusoma cha Kiswahili "kisiwe cha kanisa", hayo ni maneno yake mwenyewe. Nikienda dukani ukuta mzima ni vitabu vya shule, nikiuliza za kusoma tu hivi hivi yule kijana wa duka ananiangalia kama nimeitisha nyama kwa kinyozi. Nyinyi mlivipata wapi? Si majina peke yake, semeni ilikuwaje.

Mtu wa Jericho
Inama, mama. Mtaa wa Tom Mboya hapo tao saa kumi na moja jioni watu wakitoka job, jamaa ametandika gunia na vitabu vimelala hapo chini kama nyanya. Nilianza na finje, yaani shilingi hamsini, nikiwa fomu mbili, mzee wa gunia akaniuliza "unataka mapenzi ama risasi?" nikasema risasi, akanipa James Hadley Chase. Nimesoma huyo jamaa kama nane hivi nikidhani ni Mmarekani aliyelelewa na majambazi, kumbe ni Mwingereza, Marekani yake alikuwa anaitoa kwa ramani na kamusi za lugha ya mtaa. Nilikasirika kidogo lakini nikaendelea kusoma. Na ukinunua kwa gunia anzia mwisho, usisome, angalia tu kama ukurasa wa mwisho uko. Niliuziwa moja inaishia "akafungua mlango, na hapo akamwona", basi, hadi leo.

Nusu Mkate
Hiyo ya ukurasa wa mwisho imenipata mara mbili 😂

Shiru wa Githurai
Mmenikumbusha machungu. Shule siitaji, ya bweni, ya wasichana, baridi ya kuuma meno. Kulikuwa na kitabu kimoja cha mapenzi kilikuwa kinazunguka bweni zima, kila mtu siku mbili, na foleni imeandikwa kwa penseli nyuma ya kava. Mimi nilikuwa namba kumi na saba. Kumi na saba!! Nilingoja zaidi ya mwezi, walionitangulia wakikutana na mimi wanacheka tu hawasemi kitu. Zamu yangu ikafika, siku ya pili sijamaliza, ikabidi niende nacho prepu nikakiingiza ndani ya atlasi. Kosa ni kwamba prepu ya siku hiyo ilikuwa ya hesabu. Ticha wa zamu akasimama nyuma yangu sijui kwa muda gani, mimi niko mbali kabisa, nikasikia tu mkono unashuka kutoka juu kama mwewe. Nilipiga magoti mpaka kengele, hiyo si kitu, shida ilikuwa namba kumi na nane ambaye hakuniongelesha mpaka tukafunga. Sasa wiki mbili baadaye natumwa stafurumu kupeleka madaftari, nakikuta kwa meza ya yule yule ticha, kona imekunjwa ukurasa wa 112. Mimi nilikuwa nimeishia 98. Alikuwa amenipita.

Nusu Mkate
Na ulikimaliza siku moja?

Shiru wa Githurai
Sijui hata kinaitwaje. Kava ilikuwa imefunikwa na karatasi ya kaki, mimi nilisoma foleni tu.

Bazenga Moja
Mnahangaika na magunia za nini, niko na PDF kama mia tatu hapa kwa watsap, mama tuma namba nikurushie zote, za watoto, za wazee, zote.

Kalamu Kavu
Bazenga, kwa heshima. Nimeandika vitabu viwili vya watoto. Cha kwanza kilinichukua miaka mitatu, naandika usiku baada ya kulaza wangu. Juzi nimekikuta kwa grupu ya wazazi, mtu amekipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba chake kinaonekana kwa kila picha. Kila picha! Na chini mzazi anasema asante, Mungu akubariki.

Bazenga Moja
Pole lakini ongeeni pia na wale waliopandisha bei. 2013 waliweka VAT ya 16% kwa vitabu, mtu wa kibarua atanunua kitabu ama unga?

Kalamu Kavu
VAT niliiweka mimi?

Bazenga Moja
Sijasema ni wewe, mbona unapanda hivyo.

Kalamu Kavu
Ukitaka za bure za watoto tafuta African Storybook kwa intaneti, hadithi fupi za picha, ziko za Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, wenyewe ndio wameziweka bure na wanataka zisomwe. Hiyo si wizi. Hizo zako mia tatu ni wizi.

Akoth wa Kaloleni
Mimi sikuwa hata na hiyo finje. Nilikuwa na maktaba ya Kaloleni hapo mtaani, hiyo na ya Makadara ni matawi ya McMillan, ile maktaba kubwa ya Nairobi. Wakati wetu ilikuwa vumbi na viti vya kuyumba lakini mama aliyekuwa hapo alikuwa na sheria yake, hupewi kitabu kipya mpaka umwambie kile cha kwanza kilihusu nini, na si kusema "kilikuwa kizuri", hapana, umwambie nani alimfanyia nani nini. Nilijifunza kudanganya, akanishika, nikajifunza kusoma. Mama Wawili mpeleke kijana Jumamosi umwache hapo na watoto wenzake, usikae karibu naye.

Mwalimu Mstaafu
Akoth umesema vyema. Mimi niliingia McMillan yenyewe, pale Banda Street, nikiwa mvulana wa kaptura, na wale simba wawili wa mawe mlangoni walinitisha kweli. Ilifunguliwa 1931, na mpaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Marehemu baba alipita mbele ya zile ngazi kila siku akienda kazini, na hata mlango ulipofunguliwa kwa wote hakuwahi kuzipanda. Alinituma mimi. Jioni ananiuliza, "Wameandika nini huko ndani?"
Kwa huyo mama wa miaka 68: mtafutie *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla. Ni cha upelelezi, mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kiko na maneno ya taratibu. Kilishinda shindano la uandishi la 1957-58 na kikachapwa 1960. Hakina kanisa.
Tena, ni "vitabu vingine vya kusoma", si "za kusoma". Na "magunia ya nini".

Bazenga Moja
Mwalimu tuko likizo.

Fundi Stima
Wacha niwaambie yangu na mtu asiniambie ni uongo. 2009, nilikuwa nafanya vibarua Indasta, kwa viwanda, jioni nashuka nyumbani Donholm. Jioni moja hapo karibu na Bas Steshen nikanunua hiyo kitabu bob thelathini, haina kava, inaanza ukurasa wa saba, ya Kiswahili. Jasusi anaamka kwa chumba cha hoteli, kando yake kuna maiti, na simu inalia. Nikaingia mat ya Kayole nikakaa chini ya ile taa ya nyuma, na ndugu zangu nikikuambia sikusikia Donholm sikusikia chochote, nilikuja kushtuka konda ananigonga bega "mzee tumefika mwisho", niko Masimba saa tatu unusu na pesa nilikuwa nimehesabu ya kurudi ni ya kesho. Nikaamua kutembea. Sijaenda mita mia mbili nikakutana na vijana watatu. Wakachukua mia nne niliyoficha kwa soksi, wakachukua viatu, wakachukua simu, ile mulika mwizi, halafu mmoja akawasha hiyo hiyo mulika mwizi yangu akaanza kufungua kitabu karatasi moja moja akitafuta noti. Hapo ndio nikaongea, hata sijui ni nini ilinisukuma, nikasema "boss chukua yote lakini hiyo niachie, nimebakisha kama kurasa kumi na tano." Wakacheka. Yule wa tochi akauliza "kwani inahusu nini?" Basi nikaanza, niko miguu mitupu kwa matope, nawaelezea maiti, nawaelezea yule mwanamke wa gauni la kijani anayepiga simu, nawaelezea vile pasipoti ilipatikana kwa tangi la choo, na watu wazima wametulia wananisikiliza, mmoja hata akaniuliza "sasa huyo dem ni wa upande gani?" Nikamaliza pale nilipofika. Yule wa tochi akasema "kwa hivyo nani alimuua?" Nikamwambia si ndio nasema niachie. Akaangalia kitabu, akaniangalia, akakikunja akaweka kwa mfuko wa nyuma. Akanirudishia mbao, shilingi ishirini, ya nauli, akasema "nikijua nitakuambia."
Hadi leo sijui nani alimuua.

Nusu Mkate
😂😂😂😂 NIKIJUA NITAKUAMBIA

Mtu wa Jericho
Hiyo ni Willy Gamba, jasusi wa vitabu vya Elvis Musiba. Naweka kichwa changu.

Swaleh wa Eastleigh
Willy Gamba wapi, hiyo inanuka Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa. Nilisoma hizo zote nikiwa nauza duka la mjomba, nazificha chini ya kaunta.

Mtu wa Jericho
Joram hawezi kuamka kando ya maiti bila kujua, Joram yuko makini.

Swaleh wa Eastleigh
Umesoma ngapi za Joram?

Mtu wa Jericho
Moja.

Swaleh wa Eastleigh
Basi nyamaza kaka.

Shiru wa Githurai
Maiti, hoteli, simu inalia... si hiyo ni kila kitabu cha upelelezi duniani? Fundi, hukumbuki hata mji?

Fundi Stima
Kulikuwa na bahari. Na mtu mmoja alikuwa na jino la dhahabu.

Bazenga Moja
Hii ni chai. Mwizi gani wa Kayole anasimama kusikiliza hadithi? Na ulirudi Donholm miguu mitupu kwa mbao?

Fundi Stima
Nilisema asianze mtu. Ndio nilirudi miguu mitupu, konda aliniangalia miguu hakuniuliza. Muulize mke wangu, yeye ndiye alinifungulia mlango, na kitu ya kwanza nilimwambia si "nimeibiwa", ni "wamechukua kitabu". Ananikumbusha kila Krismasi.

Akoth wa Kaloleni
Mimi naamini. Yule mama wa maktaba angekupa kingine kwa hiyo maelezo.

Kalamu Kavu
Turudi kwa swali la mwenyewe jamani. Msichana wa fomu tatu: msimpe upelelezi, mpe *Siku Njema* ya Ken Walibora, ya 1996, kijana Kongowea anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake. Asiambiwe ina faida. Uiache tu sebuleni.

Swaleh wa Eastleigh
Usimpe kitu chochote kilichowahi kuwa setibuku, atauliza maudhui ni gani. Mpe ya mapenzi, ya kuficha. Watoto wanasoma vilivyokatazwa.

Shiru wa Githurai
Kweli, mwambie "hiki sitaki nikione mkononi mwako" halafu utoke uende sokoni.

Mwalimu Mstaafu
Sikubaliani. Mtoto asomewe kwa sauti. Nilifanya hivyo darasani miaka mingi, naacha pale pazuri kabisa, nafunga kitabu, nawaambia tufungue ya hesabu. Walinichukia, lakini saa ya mapumziko nawakuta wameizunguka meza yangu.

Nusu Mkate
Ya nyumbani unasema tokeni ya stima imeisha 😂

Bazenga Moja
Mnyime simu tu, mambo mingi ya nini.

Kalamu Kavu
Amesema mtu wa PDF mia tatu kwa simu.

Akoth wa Kaloleni
Maonyesho ya vitabu pale Sarit, ile moli ya Westlands, mwezi wa tisa, ya kila mwaka, wapeleke wote watatu, hapo mkishasukumwa na watoto wa shule mtapata kitu. Siku ya mwisho bei inalegea, lakini ukingoja sana zile nzuri zimeenda.

Mama Wawili
Asanteni wote, nimesoma kila kitu. Ripoti: kijana nilimsomea jana nikakatia pale pazuri nikasema tokeni imeisha, akaenda akaangalia mita akarudi akaniambia ziko yuniti kumi na nne. Tutajaribu njia nyingine. Msichana nimemwachia kitabu juu ya friji, hajakigusa, lakini leo asubuhi nimekikuta kimegeuzwa upande wa pili kwa hivyo sijui.
Shida sasa ni mamangu. Nilipata Bwana Msa, nikamletea, akasema sawa weka hapo. Halafu nikafanya kosa nikamsomea hii ya Fundi Stima wakati tunachambua sukuma. Sasa hataki Bwana Msa, anataka hiyo kitabu ya jino la dhahabu. Jana ameniuliza mara mbili kama yule kijana wa Masimba ameshasema nani aliua.

Mwalimu Mstaafu
Hicho kitabu.

Fundi Stima
Mwambie mama tuko wawili tunangoja.