Lami yenye polima kwenye njia ya kurukia ndege ya JKIA: je, gharama yake inastahili?

Mchangiaji aliyenitangulia anadai kuwa kuongeza polima (kemikali za jamii ya plastiki na mpira) kwenye lami ya uwanja wa ndege ni kuwanufaisha wakandarasi kwa fedha za umma, kwa kuwa lami ya kawaida imetumika miaka yote na ndege zinatua salama. Shaka yake kuhusu fedha ina msingi, lakini hoja yenyewe siikubali.

Uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA), kule Embakasi, Nairobi, una njia moja tu ya kurukia ndege, yenye urefu unaozidi kilomita 4. Ikifungwa, ndege hazina budi kuelekezwa Mombasa, Entebbe au Kilimanjaro. Kwa hiyo kulinganisha bei ya tani moja ya lami hakutoshi. Tulinganishe pia ni mara ngapi tutalazimika kuifunga njia hiyo ili kuikarabati upya.

Tairi la ndege kubwa ya abiria hujazwa upepo kwa shinikizo linaloweza kupita psi 200 (pauni kwa kila inchi ya mraba), karibu maradufu ya tairi la lori. Ndege nzito inaposimama kusubiri ruhusa ya kuruka, au inapokata kona polepole, uzito wote hukandamiza sehemu ile ile, na lami iliyolainishwa na jua hubonyea. Ikizeeka hupasuka, kokoto hung'oka, na kokoto moja ikivutwa ndani ya injini hasara yake ni kubwa mno. Hata kwenye uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, safari zilisimamishwa Julai 2022 baada ya joto kali kuharibu sehemu ya njia ya kurukia. Polima aina ya SBS (mpira wa kutengenezwa kiwandani), ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 3 hadi 7 ya uzito wa bitumeni (gundi nyeusi inayoshikanisha kokoto za lami), huipa lami mnyumbuko na kuipunguzia kulegea na kupasuka.

Hata hivyo, polima haitibu msingi mbovu. Udongo mweusi wa Embakasi huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na pasipo mifereji mizuri hata lami bora itapasuka kutoka chini. Tena bitumeni hii yenye polima isipokorogwa vizuri ikiwa moto, polima hujitenga, na mnunuzi hubaki amelipia kitu ambacho hakimo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba zabuni idai sampuli ya kila lori la bitumeni: ivutwe kama uzi, uzi huo ukatwe, na ipimwe umejirudi kwa kiasi gani, ili ijulikane kama polima imo, kisha matokeo yatangazwe kabla mkandarasi hajalipwa.