NIST kwenye cheti cha kipimajoto maana yake nini?

stoo_boy: Wakuu habari za mchana. Nipo stoo ya dawa hapa Dar, juzi tumeletewa kipimajoto cha friji ya chanjo, ndani ya boksi kuna cheti kimetaja NIST ya Marekani, bosi anasema nikitunze kuliko risiti. Sasa hao NIST ndo waliokitengeneza ama?

fundi_mizani: Wala hawajakigusa mkuu. Ni taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango na vipimo, ilianza 1901 ikiitwa National Bureau of Standards, jina la sasa ni la 1988. Maana ya cheti ni kwamba kipimajoto chako kimelinganishwa na kingine, na hicho nacho kililinganishwa na cha juu yake, hivyo hivyo mpaka unafika maabara kwao, kama mtu anavyotaja ukoo, baba, babu, mpaka kwa mzee mwenyewe. Akikosekana mmoja hapo kati basi hizo nyuzi 5 unazosoma ni za kuamini kwa imani tu. Na cheki tarehe, vifaa vya kupimia huwa vinapoteza usahihi taratibu.

mama_karanga: Mie hao NIST nawajua kwa siagi ya karanga wanayouza 😂 vichupa vitatu zaidi ya dola 1,000! Si ya kula lakini, maabara za chakula zinaipima huku majibu ya mafuta na vitamini yanajulikana tayari, mashine ikileta jibu lingine ujue mashine ndo mbovu.

mzee_wa_fire: Mnasahau moto wa Baltimore huko Marekani, Februari 1904. Zimamoto wa miji mingine walikuja kusaidia, mipira yao mingi ikagoma kuingia kwenye bomba za pale kwa sababu kila mji na saizi yake, watu wamesimama na maji yapo!! Majengo zaidi ya 1,500 yakaungua. Hao jamaa wa NIST (enzi hizo bado Bureau) walivyokusanya viungio vya mipira nchi nzima wakakuta aina zaidi ya 600.

stoo_boy: Duh. Kwahiyo sheli ikipunja mafuta huko wanaifunga wao?

fundi_mizani: Hapana, hawakamati mtu. Wanatoa miongozo, wakaguzi ni wa majimbo. Hapa kwetu pampu za sheli na mizani za buchani ni WMA (Wakala wa Vipimo), ila maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki usahihi wa vipimo, wanayo TBS (Shirika la Viwango), hicho kipimajoto chako unaweza kukipeleka huko.

stoo_boy: Nimekitoa cheti kwenye faili, kimepimwa mwaka juzi 🙈 ngoja nimfuate bosi