Je, mdahalo wa Las Vegas ulibadilisha kura?

Swali: Katika mdahalo wa wagombea wa chama cha Democratic waliowania kuteuliwa kugombea urais wa Marekani, uliofanyika Las Vegas tarehe 19 Februari 2020, Seneta Elizabeth Warren alimbana bilionea Michael Bloomberg kuhusu mikataba ya usiri iliyowafunga midomo wanawake waliomlalamikia. Je, wapiga kura walinufaika na lolote?

Jibu la kwanza: Naam. Bloomberg, aliyekwisha kumwaga mamilioni ya dola katika matangazo, alijitetea kwamba huenda hawakupenda mzaha wake, utetezi dhaifu mno.

Jibu la pili: Ndugu, nakubali, lakini katika kura ya mchujo ya tarehe 3 Machi Warren mwenyewe alishika nafasi ya tatu jimboni kwake Massachusetts, kwa kuwa wengi walimtafuta mtu wa kumwangusha Trump.

Jibu la tatu: Msisahau South Carolina, ambako Jim Clyburn, mbunge wa jimbo hilo, alimuunga mkono Joe Biden, mgombea mwingine; hilo nalo liligusa kura.