Programu ya bajaji imeletwa Mtwara kana kwamba haisi, daladala zetu, hazipo. Mama yangu kasimama barabarani saa nzima!

Wakuu salaam. Nina hasira na sitaizunguka. Kama humu kuna kijana aliyehusika kutengeneza hii programu mpya ya kuita bajaji hapa Mtwara, naomba asome mpaka mwisho. Jina la kampuni silitaji, mods wasije wakaufuta uzi. Walio mjini wanaijua, madereva wamegawiwa fulana na stika kila kijiwe.

Mama yangu anakaa Naliendele, kwa ndani. Kutoka kwake mpaka lami unapita kwenye mikorosho, kwa mwendo wake ni dakika ishirini. Ana presha, na goti la kulia linamsumbua tangu mwaka juzi. Kila mwezi ana kliniki hospitali ya Ligula, mjini. Jumanne nilikuwa zamu ya asubuhi, siwezi kumfuata, nikaona nimwitie bajaji kwa simu yangu imchukue mlangoni. Ikaniandikia 9,500 mpaka Ligula, dereva yuko dakika 6. Hela nyingi, ila mama ni mama, nikakubali.

Dakika 6 zikawa 25. Alama ya ramani ilikuwa imeangukia katikati ya shamba la watu, dereva anazunguka upande wa pili huko, ananipigia mimi niliye mjini: "Kaka, mteja mbona simwoni?" Mteja ana simu ya kitochi, na kwenye programu hakuna sehemu ya kuweka namba ya mtu unayemwitia usafiri. Nikampigia mama, akaanza kujikongoja na fimbo yake kuelekea lami ili aonekane. Anafika lami, dereva kafuta safari. Naita wa pili, dakika 8. Huyu naye kapiga: "Bosi unaenda wapi? Unalipa keshi?" Nikamjibu Ligula, keshi utapewa na bibi. Akasema nakuja. Mpaka leo.

Sasa sikieni kinachoniuma. Wakati mama amesimama pale, haisi tatu zimempita. Tatu! Ya pili konda alishuka kabisa akamshika mkono: "Bibi twende, siti ya mbele ipo wazi." Mama akamjibu, "Nenda tu mjukuu wangu, mwanangu ameshaniitia usafiri." Kanisimulia jioni huku anacheka. Mimi nilishindwa kula.

Yaani simu yangu ilikuwa na taarifa za kila kitu isipokuwa kile kinachopita mbele ya macho ya mama. Kutoka Naliendele mpaka mjini ni kama kilomita 10, lami, na haisi zinapita kutwa, nauli haifiki buku. Hicho kipande hakijawahi kuwa tatizo la mtu. Tatizo letu liko kwenye ncha mbili: mlangoni mpaka barabarani, na pale haisi inapokushusha mjini mpaka unapokwenda. Ncha zote mbili ni safari za bajaji au boda, za buku au buku jero. Ukijumlisha na nauli ya haisi, hazifiki hata nusu ya ile 9,500. Programu iliyotengenezwa na mtu aliyewahi kukaa hata wiki moja huku ingesema hivi: boda atakupeleka mpaka lami, panda haisi, ukishuka kuna bajaji inakusubiri, jumla ni kiasi hiki. Hii yetu inajua jambo moja tu, chombo kimoja kikubebe wewe mmoja mwanzo hadi mwisho.

Na hata dereva haimsaidii. Jumatano nilikwenda kukaa na vijana wa bajaji kijiweni Chikongola, nilitaka kujua kwa nini wanafuta safari, maana nilishaanza kuwatukana moyoni. Wakanifungulia simu zao wanionyeshe. Safari fupi ya 1,500 kampuni inakata 300, na kabla ya hapo dereva ameshakwenda kilomita mbili na mafuta yake kumfuata mteja. Safari ndefu ya Naliendele inaonekana nzuri, ila kurudi anarudi mtupu, kwa sababu programu haimruhusu kuchukua abiria wa kushea njiani. Kwa hiyo fupi anaikwepa, ndefu anaikwepa, anachotaka ni zile za katikati: sokoni kwenda Shangani, Shangani kwenda bandarini. Zile ambazo hata kabla ya programu ungesimama barabarani tu ukanyoosha mkono ukapata. Nimewasamehe. Mkato wa asilimia ile ile kwa safari ya 1,500 na ya 10,000 unazifukuza safari fupi zote, na safari fupi ndizo zingemleta abiria kwenye haisi.

Tena hili la komisheni si geni nchini. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, waliweka ukomo wa asilimia 15, Uber wakasimamisha huduma mwezi Aprili, wakarudi 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi 25. Ule mvutano wote ulikuwa kati ya kampuni na dereva, nani achukue ngapi. Abiria anayetaka tu kufikishwa kituoni hakuwemo kwenye mazungumzo. Wangeamua mapema kwamba safari inayoishia kituo cha daladala inakatwa kidogo sana au haikatwi kabisa, leo madereva wangezigombania.

Nenda na stendi ya Mkanaledi uone. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku, Oktoba 2023, watu wanateremka toka Dar saa tisa, saa kumi usiku. Unakuta mama mmoja ana watoto wawili na mabegi matatu, mtoto mmoja kalala begani. Anafungua programu, hakuna dereva, kwa sababu hakuna dereva anayejua kama kuna basi linaingia. Wachache waliopo wanakutajia bei wanayojisikia. Na mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, VTS, LATRA wanaona basi lilipo na linakimbia spidi ngapi! Taarifa ipo. Kinachohitajika ni makubaliano, yakifika Mingoyo, huko Lindi, simu za madereva kumi ziite: basi linaingia, kuna abiria wanne wa Magomeni na wawili wa Chuno, nani yuko tayari? Wale wanne wa Magomeni wapande bajaji mbili, wagawane nauli. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta.

Mtaniambia njia za haisi zetu hazimo kwenye ramani yoyote. Kweli, hazimo, na hilo nalo linanichoma. Mbona Nairobi waliweza? Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia waliwapandisha wanafunzi kwenye matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi kila njia na kila kituo, na ramani ikatoka 2014. Ile ni Nairobi, ina utitiri wa njia. Sisi njia zetu unazihesabu kwa vidole: Mikindani, Naliendele, na hizi za ndani ya mji. Vijana wa chuo cha STEMMUCO hapo hapo, wapewe nauli na chai, wikiendi mbili kazi imekwisha. Na wakiandika vituo waandike majina tunayoyataja sisi. Mtu wa hapa anasema "nishushie kwenye mwembe", "nishushie kwa fundi", hakuna anayesema namba ya barabara. Vituo vikiwa na majina hayo, dereva asingekuwa anamtafuta mama yangu kwenye mikorosho ya watu.

Halafu bando na simu janja. Nusu ya watu wanaopanda haisi asubuhi wana vitochi, mbona kutuma na kupokea pesa wanabonyeza nyota na reli kila siku na hawakosei? Wekeni menyu ya hivyo hivyo. Mama yangu anajua kutoa pesa kwa wakala bila kumuuliza mtu, angeshindwa kubonyeza 1 kuita boda?

Msimu wa korosho sitaki hata kuufikiria. Ikifika Oktoba boda nyingi zinabeba magunia kupeleka AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, watu wana hela, na programu itaona uhitaji mkubwa na vyombo vichache, ipandishe bei. Mkulima atashikwa kwa hilo, na mama mwenye kliniki naye atashikwa humo humo. Haisi haipandishi nauli kwa sababu ya mnada wa korosho.

Dada mmoja kanijibu kwenye grupu la mtaa kwamba nivumilie, programu bado changa. Dada yangu, uchanga naukubali kwenye kukatikakatika na kugoma kufunguka. Kutoziona haisi ni uamuzi, mtu alikaa mezani akaamua kwamba haisi ni adui wa biashara yake. Na anakosea hata kwa biashara yake, maana abiria wa kila siku wa buku mara mbili, asubuhi na jioni, anamlipa zaidi ya mimi niliyeita safari ya 9,500 mara moja na sitarudia.

Wahusika kama mnasoma, nipo. Niambieni siku, nitawapeleka Naliendele saa 12 asubuhi, tutasimama pale pale aliposimama mama na mtahesabu wenyewe zinazopita.

Kliniki ijayo ni mwezi ujao tarehe 9. Programu nimeifuta. Boda wa jirani nimeshampa buku amfikishe mama lami, na namba ya yule konda mama anayo kwenye kitochi chake, kaniambia atakuwa anamwekea siti ya mbele.